Mwaka wa Fedha na Mwaka wa Mvua

Mkulima wa Kenya huishi katika miaka miwili kwa wakati mmoja. Mwaka wa kwanza ni wa serikali. Huanza tarehe 1 Julai na kukoma tarehe 30 Juni, nao huandikwa kwa tarakimu zilizogawanywa na mkwaju, mathalani 2023/24. Mwaka wa pili hauna tarakimu. Huanza pale wingu linapokaa juu ya Mlima Elgon kwa siku kadhaa bila kutawanyika, na hukoma pale gunia la mwisho linaposhonwa mdomo. Aghalabu wasomi na wanasiasa wanapojadili bajeti na kilimo, huuliza ni shilingi ngapi zilizotengwa. Swali hilo ni halali. Hata hivyo, lipo jingine lisiloulizwa mara nyingi, nalo ndilo linaloamua kama kutakuwa na ugali mezani: shilingi hizo hufika katika mwezi upi wa mwaka ule wa pili?

Neno bajeti lenyewe limesafiri mbali kabla ya kufika vinywani mwa watangazaji wa redio. Asili yake ni neno la Kifaransa cha kale lililomaanisha mfuko mdogo wa ngozi. Waingereza wakalichukua, na Kiswahili kikalipokea kutoka kwao. Kwa hiyo, Waziri wa Fedha anaposimama mbele ya wapiga picha kila mwaka akiuinua mkoba wake, huwa anatoa somo la etimolojia hadharani pasipo kukusudia. Katika nyaraka rasmi, jina la zamani bado lipo: makadirio ya mapato na matumizi. Ni jina refu lisilofaa kwa vichwa vya magazeti, lakini lina uaminifu fulani ambao neno bajeti limeupoteza, kwa kuwa kadirio humkumbusha msikilizaji kwamba kinachosomwa bado hakijapatikana.

Magazeti, kwa upande wao, yana kitenzi chao wanachokipenda, nacho ni kutenga. "Mabilioni yatengwa kwa wakulima," husema kichwa cha habari, na msomaji akafikiri kwamba fedha hizo zimo njiani. Yafaa kitenzi hiki kiangaliwe kwa makini. Katika Kiswahili, mtu akitengwa na ukoo wake huwa amewekwa kando; haliwi naye wala hasemezwi. Fedha zilizotengwa nazo zaweza kukaa kando vivyo hivyo, pweke, hadi mwaka wa serikali ukaisha. Baina ya kutenga na kupokea pana vitenzi vingine vingi ambavyo havipati nafasi gazetini: kuidhinisha, kutoa, kuagiza, kupakua, kusafirisha, kugawa. Bunge halina budi kupitisha sheria ya matumizi. Hazina ya Taifa nayo huomba kibali, na Mdhibiti wa Bajeti, ambaye ofisi yake iliundwa na Katiba ya 2010, ndiye anayeidhinisha fedha kutoka katika mfuko wa umma. Zabuni hutangazwa. Mbolea husafiri kwa meli, hupakuliwa Mombasa, kisha hupanda bara kwa treni au kwa malori. Kila kitenzi kina ofisi yake, na kila ofisi ina foleni yake.

Wakati huo huo, mwaka wa mvua haungoji foleni. Katika kaunti ya Trans Nzoia na sehemu kubwa ya Uasin Gishu, mahindi hupandwa mara moja kwa mwaka, baina ya katikati ya Machi na mwisho wa Aprili. Mbolea ya kupandia hutakiwa siku ile ile mbegu inapoingia ardhini. Ikichelewa wiki tatu, imegeuka mzigo wa kuhifadhiwa chini ya kitanda. Mbolea ya kukuzia hutakiwa mahindi yanapofika magotini, takriban wiki sita baada ya kupanda. Baada ya hapo mmea huwa umekwisha kuamua wenyewe utazaa gunzi la ukubwa gani, na hakuna hotuba iwezayo kuubadilishia nia. Kule Ukambani mambo ni tofauti. Huko misimu ni miwili, na mvua ya kuanzia Oktoba hadi Desemba ndiyo inayotegemewa zaidi kuliko ile ya Machi. Yaani nchi moja ina kalenda kadhaa za shamba, lakini kalenda ya Hazina ni moja tu.

Mnamo tarehe 15 Juni 2023, siku ambayo bajeti ya zaidi ya shilingi trilioni 3.6 ilisomwa Bungeni, mama mmoja mjane mwenye ekari mbili nje ya mji wa Kitale alikuwa ameketi kibarazani kwa jirani yake, mwalimu mstaafu, wakisikiliza redio. Mahindi yake yalikuwa yamepita magoti, na majani ya chini yalikuwa yameanza kugeuka manjano kwenye ncha, dalili ambayo kila mkulima huijua. Alikuwa amesajiliwa na chifu katika orodha ya wakulima wa kupata mbolea ya bei nafuu. Ujumbe wa simu ulikuwa umefika. Alikuwa ameenda ghalani mara mbili kwa nauli ya bodaboda, na mara zote mbili akaelezwa kwamba mbolea ya kupandia ilikuwapo tele, ila ya kukuzia ilikuwa bado njiani. Redio ikataja mabilioni ya kilimo. Mwalimu akaongeza sauti.

"Mwalimu," mama akauliza, "hiyo mbolea wanayoisoma ni ya mahindi gani?"

"Ni ya mwakani, mama."

"Na haya yangu yaliyo shambani yalisomewa lini?"

Mwalimu akahesabu kwa vidole. Bajeti ya 2022/23 ilisomwa mapema kuliko kawaida, tarehe 7 Aprili 2022, kwa sababu uchaguzi mkuu ulikuwa umekaribia. Waliosoma walikuwa serikali moja, na walioikuta na kuitekeleza walikuwa serikali nyingine. Akamweleza hivyo, polepole, kama aliyekuwa akimfundisha mtoto wa darasa la nne.

"Basi waliyasomea," mama akasema, "hawakuyaletea."

Wiki iliyofuata aliuza mbuzi wawili. Fedha alizopata zilitosha gunia moja la mbolea ya kukuzia kutoka duka la pembejeo mjini, kwa bei ya soko, ilhali shamba lake lilihitaji mawili. Kipimo kinachotumiwa na wakulima wengi ni kifuniko cha chupa ya soda: kifuniko kimoja kwa kila shina. Mistari minne iliyopakana na nyumba aliipa kifuniko kizima. Mingine yote aliipa nusu. Haikuwa hesabu ya kitaalamu. Alitaka tu aone, kwa macho yake mwenyewe, kile alichokuwa akikosa. Mnamo Novemba, alipokuwa akimenya mahindi uani, alitenganisha magunzi ya mistari ile minne na yale mengine katika marundo mawili, akayaacha hivyo kwa siku mbili ili kila aliyepita ayatazame. Mwalimu mstaafu alipita, akatazama, na hakusema neno.

Kuna jambo jingine katika mwaka huo ambalo halina budi kutajwa kwa haki. Serikali ilikuwa imekwisha kuteremsha bei ya mbolea. Mnamo Septemba 2022, gunia la kilo 50 lilishushwa kutoka takriban shilingi 6,500 hadi 3,500, baada ya bei kupanda duniani kote kufuatia vita vya Urusi na Ukraini. Mnamo Agosti 2023 bei hiyo ikashushwa tena hadi shilingi 2,500. Ni punguzo kubwa, na mwenye kulibeza atakuwa hajawahi kununua mbolea. Ila Agosti, mahindi ya Trans Nzoia huwa yamekwisha kutoa mbelewele. Kwa mama wa Kitale, punguzo la shilingi 1,000 lilikuwa habari njema iliyowasili baada ya kazi kwisha. Kwa mkulima wa Makueni au Kitui, ambaye angepanda Oktoba, punguzo lile lile lilifika kwa wakati, tena likiwa limetangulia wiki kadhaa. Fungu ni moja, bei ni moja, sera ni moja. Kilichotofautisha neema na kejeli ni mwezi tu.

Yamkini msomaji atasema kwamba kosa ni la Julai, na kwamba mwaka wa fedha ungehamishwa ukaanza Januari mambo yangenyooka. Historia ya Waswahili wenyewe inalipinga wazo hilo. Wakulima na mabaharia wa pwani walikuwa na mwaka wao wa jua ulioanza kwa Nairuzi, siku inayoangukia Julai, na ambayo hadi leo huadhimishwa Makunduchi, Unguja, kwa jina la Mwaka Kogwa. Kutoka Nairuzi, siku zilihesabiwa kwa makumi, kila kumi likiitwa mwongo. Mkulima alijua ni katika mwongo wa ngapi afyeke, katika mwongo wa ngapi achome, na katika mwongo wa ngapi mbegu iwe chini. Nahodha naye alijua ni katika mwongo wa ngapi pepo zingegeuka. Mwaka ule nao ulianza Julai! Aidha, katika sehemu za pwani mvua kubwa huitwa mvua ya mwaka, kana kwamba mwaka wenyewe haujawa mwaka mpaka unyeshe. Kwa hivyo Julai haina hatia. Tofauti iliyopo ni kwamba kila mwongo ulikuwa na kazi yake na ulihesabiwa ukielekea siku ya kupanda, ilhali robo za mwaka wa serikali huhesabiwa zikielekea tarehe 30 Juni, siku ambayo fedha zisizotumika hurudi Hazina. Ndiyo maana mwezi wa Juni huwa na warsha nyingi mno katika hoteli. Fedha zilizokuwa zikitafutwa Machi kwa tochi huonekana Mei, na hapo haja kuu huwa si kuzitumia vyema bali kuzimaliza.

Mfano ulio wazi zaidi wa hayo haukuhusu mahindi, ulihusu samaki. Katika bajeti ya 2009/10, Waziri wa Fedha wa wakati huo, Uhuru Kenyatta, alitangaza Mpango wa Kuchochea Uchumi uliogharimu shilingi bilioni 22. Nchi ilikuwa imetoka katika ghasia za baada ya uchaguzi, ukame, na msukosuko wa uchumi wa dunia, na nia ilikuwa kupeleka fedha mashambani haraka ili vijana wapate ujira. Sehemu moja ya mpango huo ilikuwa kuchimba vidimbwi 200 vya samaki katika kila eneobunge miongoni mwa maeneobunge 140. Hiyo ni jumla ya vidimbwi 28,000, kila kimoja kikiwa na ukubwa wa mita 300 za mraba. Vikachimbwa. Kuchimba ni kazi inayoendana vizuri na mwaka wa fedha: ina mwanzo na mwisho, hupigwa picha, hukaguliwa na kulipiwa. Kidimbwi, hata hivyo, si shimo tu. Kinahitaji vifaranga vya samaki, na vituo vya kuzalisha vifaranga havikuwa vingi vya kutosha idadi ile iliyozuka ghafla. Kinahitaji chakula cha samaki kila siku, na chakula hicho kilikuwa ghali na adimu vijijini. Kinahitaji pia soko katika sehemu ambazo watu hawakuzoea kula samaki.

Ufugaji wa samaki ulikua kweli kweli, ukafika takriban tani 24,000 mwaka 2014, mara kadhaa ya kiwango cha 2009; kisha ukashuka kadiri msaada ulivyopungua. Vidimbwi vingi vikaachwa vikajaa magugu na vyura. Vilivyosalimika ni vya wale waliokuwa na fedha zao za kuendelea kulisha samaki baada ya mwaka wa serikali kufungwa. Kwa wengine, samaki walikuwa bado wadogo pale fungu lilipokwisha. Samaki hawakujua kwamba ni Julai.

Huenda mpango uliokaribia zaidi kuelewa mwendo wa shamba ni ule ulioanza mwaka 2007, ambao sehemu yake moja iliitwa Kilimo Plus. Mkulima maskini alipewa hati aliyoweza kuibadilisha kwa mbegu na mbolea za kutosha ekari moja katika duka la pembejeo la soko lililo karibu naye. Hapakuwa na safari ya kwenda ghalani mara mbili. Mwenye duka, kwa kuwa alitafuta faida, alihakikisha bidhaa ipo mvua inapoanza. Tamaa yake ya halali ilifanya kazi ambayo waraka wa wizara hauwezi. Mpango ule nao ulikuwa na kasoro zake, ikiwemo ile ya kawaida ya majina yasiyostahili kuingia katika orodha. Lakini ulitambua kwamba jukumu la serikali si lazima liwe kubeba gunia. Laweza kuwa kulipa sehemu ya bei na kuiacha njia ya gunia iwe fupi.

Katika mijadala hii yote neno ruzuku hurudiwa bila kupimwa. Kabla halijawa nomino ya wizara, ruzuku lilikuwa, na bado ni, kitenzi. Mwenyezi Mungu humruzuku mja wake. Anayeruzukiwa hupata riziki, na riziki haina hesabu wala risiti. Kiingereza kilichagua njia nyingine. Neno lao la dhana hii limetokana na Kilatini, ambako lilihusu askari wa akiba waliokaa nyuma wakingoja kuitwa vitani. Huko ni suala la mbinu, huku ni suala la neema. Hapana ubaya katika neno lenyewe, na ni neno zuri. Ila hubeba pamoja nalo adabu ya mpokeaji. Anayepewa riziki hushukuru. Hahoji kwa nini imechelewa, wala hairudishi akidai ni mbovu. Wanasiasa wanaoikabidhi mbolea mbele ya kamera, huku wazee wakipiga makofi, wanaielewa adabu hiyo vizuri kuliko wanaisimu.

Gharama ya adabu hiyo ilionekana mwaka 2024. Katika msimu wa kupanda wa Machi na Aprili, ilibainika kwamba baadhi ya magunia yaliyouzwa kwa bei ya ruzuku kupitia maghala ya Halmashauri ya Nafaka na Mazao hayakuwa na mbolea ya ubora uliotakiwa. Sakata hiyo ilifika Bungeni, ikazua hoja ya kumwondoa waziri wa kilimo. Kamati maalumu iliyomchunguza ikasema madai dhidi yake hayakuthibitishwa. Serikali iliahidi kuwafidia wakulima kwa mbolea nyingine. Lakini ni ya lini? Mbegu ilikuwa imekwisha kuingia ardhini pamoja na kile kilichokuwa gunia. Mkulima aliyefidiwa gunia kwa gunia wiki kadhaa baadaye alilipwa kwa kipimo cha mwaka wa fedha, ambamo gunia la Mei ni sawa na gunia la Machi. Katika mwaka wa mvua hayo si magunia sawa.

Kuhusu kiasi cha fedha chenyewe, maneno machache yatatosha, kwani yamesemwa sana. Mnamo Julai 2003, viongozi wa Afrika waliokutana Maputo waliahidi kutenga angalau asilimia 10 ya bajeti zao kwa kilimo na maendeleo ya mashambani. Ahadi hiyo ilirudiwa Malabo mwaka 2014, na mnamo Januari 2025 viongozi hao wakapitisha azimio jingine mjini Kampala. Kwa miaka mingi fungu la kilimo nchini Kenya limekuwa chini mno ya kiwango hicho. Tangu 2013, hesabu imekuwa ngumu zaidi kwa sababu kilimo kiligatuliwa: maafisa wa ugani ni wa kaunti, sera ni ya serikali kuu, nayo mbolea ya ruzuku hununuliwa Nairobi na kugawiwa vijijini. Fedha za kaunti nazo zimezoea kuchelewa kutoka Hazina kwa miezi. Afisa wa ugani asiye na mafuta ya pikipiki mwezi wa Aprili ni mshahara unaolipwa kwa elimu isiyomfikia mtu.

Na hapa pana suala linalowahusu wanafunzi wa Kiswahili moja kwa moja. Katiba ya Kenya inatambua Kiswahili kuwa lugha ya taifa na pia lugha rasmi. Hata hivyo, hotuba ya bajeti husomwa kwa Kiingereza, na vitabu vya makadirio huandikwa kwa Kiingereza. Kinachomfikia mkulima ni tafsiri ya haraka ya mtangazaji wa habari za saa moja, ambaye ana dakika chache na mabilioni mengi. Matokeo yake ni kwamba husikika tarakimu tu, kwa kuwa tarakimu hazihitaji mfasiri. Sharti husahaulika, na tarehe husahaulika. Nchini Tanzania hotuba ya bajeti husomwa kwa Kiswahili mjini Dodoma, na kila wizara huwasilisha yake kwa lugha hiyo hiyo, ikiwemo ile ya kilimo. Mkulima wa Mbeya anaweza kubishana na waziri wake kwa maneno yale yale ambayo waziri alitumia. Isidhaniwe kwamba lugha peke yake humwaga mbolea shambani, maana mwaka wa fedha wa Tanzania nao huanza Julai na wakulima wa huko wana malalamiko yao. Walakini ni vigumu kumdai mtu ahadi usiyoijua maneno yake.

Tarehe zilizosahaulika ndizo zenye faida kuliko mabilioni. Kwa mujibu wa Sheria ya Usimamizi wa Fedha za Umma ya 2012, matayarisho ya bajeti huanza kwa waraka unaotolewa kufikia tarehe 30 Agosti. Miezi inayofuata, sekta mbalimbali huandaa mapendekezo na wananchi hualikwa kutoa maoni. Mwelekeo na viwango vya matumizi hupelekwa Bungeni kufikia tarehe 15 Februari, na kwa kaunti ni tarehe 28 Februari. Makadirio kamili huwasilishwa kufikia tarehe 30 Aprili. Siku ya mkoba, Juni, ndiyo siku ambayo karibu kila jambo limekwisha kuamuliwa, nayo ndiyo siku pekee ambayo nchi nzima husikiliza. Mkulima anayetaka mbolea ya kupandia Machi 2027 anahitaji fedha za mwaka wa 2026/27, na matayarisho ya mwaka huo yalianza Agosti 2025, miezi 19 kabla ya mbegu kuingia ardhini. Agosti hiyo alikuwa bado hajavuna hata mahindi ya 2025.

Mikutano ya maoni ya umma huandaliwa, maana Katiba inaitaka. Tangazo huchapishwa gazetini, aghalabu kwa Kiingereza, likitoa siku chache na kutaja ukumbi ulio mjini. Kwa kaunti, mingi ya mikutano hiyo huangukia wakati waraka wa Februari unapotayarishwa, yaani majuma ambayo mashamba ya Trans Nzoia hulimwa kwa trekta za kukodi na ng'ombe wa kuazima, na anayekosa zamu yake ya trekta hupanda mwisho. Wanaokwenda ni wale wasiolima.

Mwalimu mstaafu wa Kitale alikwenda mara moja, Februari 2024. Alipewa waraka wa kurasa nyingi, akasoma sehemu ya kilimo kwa miwani yake ya kuazima, kisha akainua mkono na kuomba jambo moja tu liandikwe katika kumbukumbu: kwamba karibu na kila kiasi cha fedha za pembejeo pawekwe safu nyingine ya kuonyesha mwezi ambao pembejeo hizo zitakuwa ghalani. Aliombwa aandike pendekezo hilo kwenye fomu. Fomu ilikuwa na nafasi ya jina la mradi, mahali pa mradi, na gharama yake. Nafasi ya mwezi haikuwapo, kwa hiyo akauandika pambizoni, kwa herufi kubwa: MACHI.